Neno HAKI katika Biblia za Kiswahili na Deni Lililomo Ndani Yake

Katika mazungumzo ya siku hizi juu ya maadili ya Kikristo, husikika lalamiko kwamba Kiswahili ni maskini wa istilahi. Lugha za Ulaya, husemwa, zina neno moja la kutaja unyofu wa mtu mbele ya Mungu, na neno jingine la kutaja yale ambayo mtu humpasa mwenzake katika mambo ya sheria, mali na utawala. Kiswahili chatumia neno moja tu, nalo ni haki. Kwa sababu hiyo, husemwa, Mkristo wa nchi zetu huchanganya wokovu na siasa. Makala haya yanakusudia kulipima lalamiko hilo kwa mizani ya lugha yenyewe, na kuonyesha kwamba kile kinachohesabiwa kuwa upungufu ni akiba ambayo wafasiri wetu wamekuwa wakiitumia vibaya.

Tuanze na neno lenyewe. Haki limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya jambo lililo kweli na lililothibitika, na pia kile ambacho mtu anastahili kupewa. Ndugu zake katika Kiswahili ni hakika, hakikisha na stahiki. Mswahili anapoapa kwa haki ya Mungu, ataja ukweli. Anaposema kwamba kila mrithi amepewa haki yake, ataja fungu. Anaposema kwamba hakimu amehukumu kwa haki, ataja unyofu wa hukumu. Maana hizi tatu hazikukutana kwa bahati. Katika fikira za watu wa pwani, kabla misioni haijafika, aliyesema kweli na aliyelipa deni lake walihesabiwa kuwa wa namna moja.

Wamisionari walipolichukua neno hili hawakuona shida kubwa, maana lugha za Biblia zenyewe hufanya vivyo hivyo. Kiyunani cha Agano Jipya kina neno moja, dikaiosune, ambalo Kiingereza hulazimika kuligawa kila mahali kwa kuchagua upande mmoja. Kiebrania kina tsedaqah, nalo hutaja pamoja unyofu wa mtu na wema umpasao maskini. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891, ya Kimvita mwaka 1914, na ile ya umoja, ambayo wengi huiita Biblia ya Union, mwaka 1952. Katika hii ya mwisho neno haki ndilo nguzo: lipo katika heri za Mathayo, lipo katika Amosi likisimama pamoja na hukumu, lipo katika Waraka kwa Warumi ambako mwenye kuamini huhesabiwa haki. Msomaji wa Kiswahili hulisikia neno lile lile kwa nabii na kwa mtume. Msomaji wa Kiingereza, akifungua nyingi za tafsiri zake, hasikii hivyo, na huenda akadhani kwamba nabii na mtume walisema habari mbili zisizohusiana.

Hapana budi kukiri kwamba hata wafasiri wa 1952 hawakushika njia moja kila mahali. Mwanzoni mwa sura ya sita ya Mathayo, panapokatazwa kutenda mema ili kutazamwa na watu, walichagua neno wema. Hatuwalaumu, kwa kuwa sentensi ingekuwa nzito. Walakini twaona hapo mwanzo wa mwelekeo ambao baadaye ulikua.

Kabla ya tafsiri hiyo ya umoja, Karl Roehl, mmisionari Mjerumani, alikwisha kutoa Biblia yake mwaka 1937. Msomaji wa jarida hili hana haja ya kukumbushwa mashindano yake ya kalamu na Padre Broomfield katika miaka ya 1930 na 1931. Roehl alitaka maneno ya asili ya Kibantu yachukue mahali pa yale ya Kiarabu kwa kadiri iwezekanavyo, na Broomfield aliona kwamba Kiswahili kikivuliwa maneno hayo hakitabaki kuwa Kiswahili. Ugomvi huo umekwisha kujadiliwa vya kutosha kuhusu asili ya maneno. Hapa twauliza swali jingine, nalo ni hili: neno linapobadilishwa, je, maadili hubaki yale yale?

Mahali pa haki na wenye haki, Roehl aliandika mara nyingi wongofu na waongofu. Ni chaguo zuri la mtu aliyejua lugha. Kitenzi ongoka hutaja njia iliyonyoka na jambo lililotengenea, na picha hiyo yakubaliana na Zaburi nyingi. Lakini na tulijaribu neno hili kwa kipimo cha sarufi. Twaweza kusema: haki ya mjane, haki ya kibarua, haki ya mgeni. Katika kila kifungu, mjane na kibarua na mgeni ndio wadai, nasi tulio nje ya kifungu ndio wadaiwa. Sasa tuseme: wongofu wa mjane. Mara moja maana imegeuka. Sasa ni mjane anayetazamwa kama tabia yake ni njema, wala hapana mtu anayedaiwa kitu. Tena, mtu huweza kunyimwa haki yake, kudhulumiwa haki yake, kulipwa haki yake. Hakuna anayeweza kunyimwa wongofu wake wala kulipwa wongofu wake. Neno haki lina milango miwili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje. Neno wongofu lina mmoja tu. Na kwa kuwa katika matumizi ya kanisa kuongoka kumekuja kuwa na maana ya kuingia katika imani, na kwa Waislamu uongofu ni mwongozo utokao kwa Mungu, mlango huo mmoja wazidi kuelekea ndani ya nafsi.

Tafsiri ya Habari Njema, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1977, haikuongozwa na fikira za Roehl. Kusudi lake lilikuwa wepesi wa kueleweka na msomaji wa kawaida, nalo ni kusudi la heshima. Hata hivyo imefika karibu na mahali pale pale kwa njia nyingine. Katika heri za Mathayo neno haki limeondolewa, na mahali pake pamewekwa maelezo ya kufanya lile alitakalo Mungu. Katika Warumi, anayehesabiwa haki amekuwa anayekubaliwa kuwa mwadilifu. Neno mwadilifu lina asili ya Kiarabu, na asili hiyo ni ya kupendeza, kwa kuwa ni usawa wa mizani. Lakini katika Kiswahili cha leo uadilifu ni sifa ya tabia, hasa ya mtumishi wa umma asiyekula rushwa. Kipimo chetu cha sarufi kikirudiwa, jibu ni lile lile: uadilifu wa kibarua ni sifa ya kibarua, na haki ya kibarua ni deni la tajiri wake.

Yapasa tuwasikilize wanaoitetea tafsiri hii, maana hoja yao ina nguvu. Husema kwamba kuhesabiwa haki ni maneno mazito yasiyoeleweka na mtu asiyefundishwa. Kwamba asikiaye huweza kudhani ni kushinda kesi mahakamani. Na kwamba neno haki limekwisha kutekwa na lugha ya serikali. Hoja ya kwanza ni kweli. Katika hoja ya pili, twajibu kwamba Paulo mwenyewe alikopa lugha ya baraza la hukumu, na asikiaye mahakama hajapotea mbali. Hoja ya tatu ndiyo yenye kutaka kutazamwa kwa makini.

Hapana shaka kwamba neno haki limesogea. Tangu Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, na zaidi tangu uhuru, neno hili limezoea kwenda katika wingi. Katika ngeli yake umbo la nomino halibadiliki, ila upatanisho ndio utuonyeshao: zamani ilikuwa zaidi haki ya, na sasa ni zaidi haki za. Haki katika umoja ni hali ambayo watu hukaa ndani yake pamoja. Haki katika wingi ni vitu ambavyo kila mtu huvihesabu kuwa vyake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ilipoongezewa sehemu hii kwa marekebisho ya mwaka 1984, waandishi wake waliona haja ya kutaja haki na wajibu kwa pamoja. Walifanya vyema, lakini mwanafunzi wa lugha atatambua kwamba neno la zamani halikuhitaji mwenzi huyo. Aliyetaja haki ya jirani alikwisha kuutaja wajibu wake mwenyewe.

Swali basi ni hili: neno likiwa limesogea upande mmoja, je, kanisa liliache liende zake, au lilirudishe? Wafasiri wa 1977 waliliacha. Matokeo yake yaonekana katika mambo ya siku zetu, na hapa twataja matatu tu.

La kwanza ni sauti ya maaskofu katika mambo ya nchi. Mwaka 2018, maaskofu Wakatoliki wa Tanzania walitoa ujumbe wa Kwaresima uliogusa uhuru wa raia, na maaskofu wa Kilutheri wakatoa waraka wa Pasaka ulioitwa Taifa Letu, Amani Yetu. Pingamizi la kawaida dhidi ya nyaraka za namna hii ni kwamba viongozi wa dini wahubiri roho, waache siasa. Kwa msomaji wa Biblia ya 1952 pingamizi hili ni gumu kusimama, kwa maana haki anayoionea njaa kanisani ndiyo haki inayotajwa barazani. Kwa msomaji aliyefundishwa kwamba jambo linalotakwa ni uadilifu wa nafsi yake, pingamizi lina mantiki. Hatusemi kwamba neno moja laamua siasa ya nchi. Twasema kwamba neno laweza kumnyang'anya mtu hoja yake kabla hajafungua kinywa.

La pili ni sadaka. Neno hili twalitumia kila Jumapili bila kukumbuka kwamba mzizi wake wa Kiarabu ni ndugu wa ule wa tsedaqah ya Kiebrania. Kwa asili, atoaye sadaka yumo katika mambo ya haki, maana mkono wake waeleka kwa anayehitaji. Katika mahubiri mengi ya mafanikio yaliyoenea Afrika Mashariki mwelekeo umegeuzwa: sadaka imeitwa mbegu, mtoaji amekuwa mkulima angojaye mavuno yake, na baraka imeitwa haki yake aidai kwa Mungu. Tazama jinsi sarufi ilivyopinduliwa. Mdai sasa ni mwenye kutoa, na maskini hayumo tena katika sentensi. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilizikataa fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa kwa kanisa mojawapo la mji huo, ili kanisa lisitumiwe kwa siasa. Kwa lugha ya mbegu uamuzi huo hauelezeki, kwani nani akataaye mbegu? Kwa lugha ya sadaka na haki waeleweka mara moja: kitolewacho kina mwelekeo, na mpokeaji ana wajibu wa kuuliza kimeelekea wapi.

La tatu ni la msiba. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa maombi, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Wengi katika mikusanyiko kama hiyo ni wagonjwa na wenye shida, yaani wale ambao manabii waliwataja kwa neno haki. Waliambiwa juu ya kile watakachopokea. Juu ya kile walichostahili kutendewa na hao waliowakusanya, msamiati uliotumika haukuwa na neno. Na neno lilikuwapo katika lugha yao wenyewe tangu zamani.

Mwalimu Nyerere, alipowahutubia masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970, aliwaambia kwamba kanisa lisiposhiriki katika kupambana na mambo yanayowaweka watu katika umaskini na uonevu litakuwa halina maana kwa watu hao. Hotuba ile ilikuwa ya Kiingereza. Miaka mingi baadaye mtu huyo huyo aliketi kuzitia Injili katika tenzi za Kiswahili, nazo zilichapishwa mwaka 1996. Twaona ni jambo la maana kwamba mwanasiasa mkubwa wa lugha hii aliyaona mambo hayo mawili kuwa kazi moja.

Kwa kumaliza, twapendekeza mambo haya kwa wanaozitengeneza tafsiri mpya. Neno haki libaki katika heri za Mathayo na katika manabii, kwani hapo hakuna neno jingine linalobeba deni pamoja na unyofu. Katika Warumi na Wagalatia, kama maelezo yahitajika, yawekwe pembezoni, wala yasichukue mahali pa neno lenyewe. Uzito wa kuhesabiwa haki ni kazi ya mwalimu, na mwalimu asipunguziwe kazi kwa gharama ya msomaji. Uadilifu na wongofu yatumike panapotajwa tabia, maana ni maneno mazuri yenye mahali pao. Na wahubiri watumiapo neno haki wapimwe kwa swali dogo la kisarufi, ambalo hata mwanafunzi wa shule aweza kuliuliza: katika sentensi hii, ni haki ya nani, na nani adaiwaye?