Sura ya Manunuzi

Nikifungua kitabu cha safari, sianzi na mandhari. Natafuta kwanza zile kurasa ambazo msafiri hajaondoka, bado yuko dukani anahesabu vikombe. Waandishi wengi hupita hapo harakaharaka, kwa hiyo hawajiangalii sana, na ndiyo maana napapenda. Mtu akikwambia amenunua nini kabla ya kwenda nchi ya watu, amekwambia anaogopa nini na nani atambebea mzigo.

Mchukue John Steinbeck. Mwaka 1960 aliagiza gari la GMC lenye kijumba mgongoni, akalipa jina la Rocinante, farasi wa Don Quixote, akaizunguka Marekani na mbwa wake. Kitabu, Travels with Charley, kilitoka 1962. Kwenye maandalizi anabeba vitu vingi mno na anakiri hivyo kwa kicheko, na anachukua bunduki na vifaa vya kuvulia samaki ili asionekane mtu mzima anayezurura bila sababu. Miaka 50 baadaye mwanahabari Bill Steigerwald aliifuata njia ileile akaonyesha kwamba mzee alilala hotelini mara nyingi kuliko kitabu kinavyotuaminisha, na kwamba mkewe alikuwa naye kwa siku nyingi tu. Wasomaji walilalamika kudanganywa. Mimi nadhani sura ya manunuzi ilikuwa imeshasema: mtu anayebeba bunduki ili afanane na mwindaji ameshatutajia kuwa vifaa vyake ni vazi la jukwaani.

Kitabu ninachotaka kukizungumzia hasa ni kingine. Los autonautas de la cosmopista kiliandikwa na watu wawili, Julio Cortázar wa Argentina na mkewe Carol Dunlop, mzaliwa wa Marekani aliyehamia Kanada. Kilitoka 1983, mimi nimekisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Anne McLean ya mwaka 2007. Mei 1982 wawili hawa waliingia kwenye barabara kuu ya kutoka Paris kwenda Marseille, takriban kilomita 800, umbali ambao dereva wa kawaida anaumaliza kwa siku moja. Wao walitumia siku 33. Masharti waliyojiwekea yalikuwa machache: wasitoke nje ya barabara hiyo hata mara moja, wasimame kwenye vituo viwili vya mapumziko kila siku, na walale kwenye kile cha pili, kiwe kizuri au kibaya.

Gari lao, kombi nyekundu ya Volkswagen, waliliita Fafner, jina la joka. Wakajifanya wapelelezi wa kisayansi wa enzi za merikebu, wakiandika halijoto ya asubuhi, walichokunywa, walichokula mchana, na Fafner anaelekea upande gani. Maandalizi yao ni karamu. Kuna vyakula vya kutunza, kuna mashine za kuandikia, kuna marafiki waliopangwa kuwaletea mboga na matunda njiani kama vile wanavuka jangwa, wakati vijiji vya Wafaransa vinaonekana ng'ambo ya uzio. Kuna viti vya kukunja vyenye maua makubwamakubwa, vibaya hata wao wenyewe wakavipa jina la kejeli. Viti hivyo vinatokea kurasa hadi kurasa, na kila vikifunguliwa chini ya mti, pembeni ya malori yanayonguruma, mahali pasipo pa mtu panageuka sebule.

Hapo ndipo kitabu kilipo. Wote wawili walikuwa wagonjwa. Dunlop alifariki Novemba mwaka huohuo, kabla kitabu hakijakamilika. Cortázar akakimalizia peke yake, naye akafariki Februari 1984. Ukishajua hivyo, unarudi kwenye orodha ya vyakula na kuisoma upya. Watu wenye siku za kuhesabu walinunua mahitaji ya mwezi mzima ili waende polepole. Sijasoma ukurasa wa mapenzi unaonigusa kuliko kumbukumbu zile kavu za nani alikula nini, saa ngapi.

Nakipenda kitabu hiki, na bado nina neno nacho. Neno lenyewe lilinijia Tunduma.

Mwaka jana mimi na mwenzangu tulifunga safari ya gari kutoka Dar es Salaam kwenda Livingstone, Zambia. Hema tulikuwa nalo: nililinunua Moshi, likizo ya Desemba, kwa kijana anayeuza vifaa ambavyo wapandaji wa Kilimanjaro huwaachia wapagazi. Mahema, makoti, mabegi ya kulalia, viatu vya mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine, vyote vimening'inizwa kama mitumba mingine. Mfuko wa hema langu una namba 14 iliyoandikwa kwa wino. Kanuni ya mlimani ni kwamba mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, na wapagazi wenyewe hujiita wagumu. Kwa hiyo kabla halijawa hema langu, lilikwisha kupanda mlima kichwani kwa mgumu fulani. Sikumbuki kitabu cha kupiga kambi kinachoanza na shingo ya mtu.

Ilipofika zamu ya kununua vilivyobaki, jiko dogo la gesi, tochi za kichwani, ndoo yenye mfuniko, vilituchukua jioni moja Kariakoo. Makaratasi yalichukua wiki tatu. Hati za kusafiria, kadi ya gari, barua ya mwenye gari kwa kuwa gari ni la shemeji, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na bima ya COMESA, ile wanayoiita Kadi ya Njano. Mpirani ukipewa kadi mbili za njano unatolewa uwanjani. Sisi tulihitaji mbili ndipo turuhusiwe kuingia. Cortázar, aliyekuwa amepewa uraia wa Ufaransa mwaka mmoja tu kabla ya safari yake baada ya kuishi Paris miongo mitatu, lazima alizijua foleni za makaratasi. Haziingii kwenye mchezo. Pengine ndiyo starehe yenyewe, safari ambayo hakuna anayekuuliza kibali.

Kutoka Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, si mbali na urefu wa ile barabara yao. Unapita Mikumi, unanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, unapanda Kitonga nyuma ya lori linalokohoa. Na mpakani unalikuta foleni la malori, siku nyingine refu kuliko macho. Pale ndipo nilipowaona wanaanga wetu. Dereva na utingo wake wanakaa barabarani siku tatu, siku tano, bila kutoka. Sanduku la chakula liko ubavuni mwa tela. Ndani yake jiko, sufuria, unga, chumvi. Turubai linafungwa kati ya lori na lori, ndiyo sebule. Mchezo wa Cortázar na Dunlop unafurahisha kwa sababu wangeweza kufika Marseille jioni ileile. Huyu hana jioni ileile, na hakuna aliyeuita ukaaji wake uvumbuzi.

Kwetu, ukitafuta sura ya manunuzi iliyoandikwa kwa Kiswahili, unaweza kuangukia kwa Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye maisha yake Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Si mtu wa kumtamani: alifanya biashara ya pembe na ya watu. Lakini msome kwa jicho la dukani. Hanunui cha kumliwaza. Anakopa, kwa Taria Topan na wengineo, na nguo na shanga anazochukua ni fedha za kutumia bara. Maandishi yake yamejaa tarakimu na majina ya wanaomdai. Mizigo inabebwa na wapagazi ambao majina yao, isipokuwa kwa nadra, hatuyapati. Ukiweka kitabu chake karibu na cha wale wa kombi nyekundu, utaona kinachokosekana kwa wote wawili ni mtu yuleyule, aliye chini ya mzigo.

Nani atamwandika? Utingo mmoja pale foleni alikuwa na daftari la shule la kurasa 48 ndani ya sanduku la chakula. Alinionyesha kwa sababu nilimwuliza bei ya gesi. Ukurasa wa kila safari una tarehe ya kutoka bandarini, kisha: unga, mafuta ya taa, sabuni, vitunguu (Mbuyuni), vocha, dawa ya mbu, pesa ya choo. Chini yake siku za kusubiri zimechorwa vijiti, vinne na mmoja wa kukatiza, vinne na mmoja wa kukatiza, na mbele ya baadhi ya vijiti ameandika walichopika.