Padi Pia Ni Tafsiri

Kila nikisoma uhakiki wa gemu za zamani, naona kitu kimoja kinarukwa. Watu wanaongea kuhusu hadithi, picha, muziki, hata siasa za Mario kumwokoa binti mfalme ambaye hakuna aliyemuuliza maoni yake. Halafu mkono? Kimya. Ni kama kuhakiki ngoma bila kuuliza ilipigwa kwa kiganja au kwa kijiti.

Mimi nashikilia hivi: padi ni sehemu ya mchezo wenyewe. Aliyeunda gemu alijua mchezaji atashika nini, akaiundia hicho. Kwa hivyo ukitafuta joistiki ya kuchezea konsoli ya zamani, iwe ni mashine yenyewe au programu inayoiiga kwenye laptopu, hununui kifaa tu. Unachagua tafsiri. Na kama wewe ni msomaji wa jarida kama hili, unajua vile tafsiri mbovu inaweza kuua riwaya nzuri.

Tuanze na Atari 2600 ya 1977. Joistiki yake maarufu, CX40, ni kisanduku cheusi chenye mti mmoja na kitufe kimoja chekundu. Kitufe kiko kwenye kona ya kushoto. Maana yake kidole gumba cha kushoto kinafyatua, mkono wa kulia unaendesha. Sasa shika padi yoyote ya leo: kushoto unaendesha, kulia unafyatua. Mikono imebadilishana kazi! Waliochangia sana mageuzi hayo ni Nintendo. Mwaka 1982 Gunpei Yokoi aliweka msalaba wa plastiki upande wa kushoto wa Donkey Kong ya Game & Watch, na mwaka uliofuata msalaba huo ukaingia kwenye padi ya Famicom.

Ukicheza gemu za Atari kwa padi laini ya kisasa, zinaonekana za kitoto. Lakini ule mti wa CX40 ni mgumu, unabishana na mkono. Sehemu kubwa ya mvutano wa gemu hizo ilikuwa kwenye kiganja. Ukiiondoa, unabaki na miraba inayotembea kwenye skrini, kisha unashangaa babako aliona nini hapo.

Pac-Man ya 1980 ni mfano wazi zaidi. Njia zake ni juu, chini, kushoto, kulia. Basi. Mashine ya asili ilikuwa na joistiki ya pande nne, yaani chini ya mti kuna bamba linalouzuia kuingia kwenye kona. Joistiki nyingi zinazouzwa leo ni za pande nane, kwa sababu gemu za kupigana zinataka kona. Ukiitumia hiyo kwa Pac-Man, ukitoka juu kwenda kushoto unapitia kona, swichi mbili zinabanwa kwa pamoja, na gemu inabaki kukisia ulitaka nini. Unakosa njia, mzimu unakunasa, halafu unasema ati gemu za zamani zina ujanja ujanja. Hazina. Umeisoma kwa lafudhi isiyo yake. Kama unanunua joistiki kubwa ya mezani, uliza swali moja kabla ya rangi na taa: hili bamba linaweza kubadilishwa?

Super Mario Bros. ya 1985 nayo inaishi kwenye kidole gumba kimoja cha kulia. Ncha ya kidole inakandamiza B ili Mario akimbie, kisha kidole kinalalia A ili aruke, bila kuachilia B. Kwenye padi ya Famicom vitufe hivyo vimelala kwenye mstari mmoja, B kushoto, A kulia. Padi za kisasa zina vitufe vinne vilivyozungushwa. Ukivipanga vibaya, kidole chako kitajikunja kama mguu wa kaa. Weka kukimbia kwenye kitufe cha kushoto na kuruka kwenye kile cha chini, utasikia kidole kikipumua. Na tafadhali, usimwendeshe Mario huyo kwa kijiti cha analogi, kile kinachopima umesukuma kiasi gani. Yeye anajua ndiyo na hapana tu. Kijiti kinasafiri kwanza kabla hajasikia, na kwa huo umbali mdogo ameshatumbukia shimoni.

Kumbe kijiti hicho hicho ndicho roho ya Super Mario 64 ya 1996. Humo kuna mmea wenye meno uliolala, na muziki wa kubembeleza mtoto unacheza. Ukiukaribia kwa mbio, unaamka. Ukisukuma kijiti kidogo tu, Mario ananyatia, mmea unaendelea kulala. Cheza hiyo kwa msalaba au kibodi isiyo na njia ya kupunguza mwendo, na ile hadithi fupi nzuri ya woga na subira inapotea. Hakuna neno lililofutwa. Kidole tu kimenyimwa nafasi ya kusema polepole.

Shida ni kwamba kijiti cha asili cha Nintendo 64 kinajila. Mti wa plastiki unasuguana na bakuli la plastiki, unageuka unga, na kila mwaka unalegea zaidi. Hiki ni kitabu ambacho kila ukikisoma unafuta herufi. Vijiti vipya vya kubadilisha vipo, lakini vingine vina haraka sana: ukigusa tu, Mario anatimua mbio, na kunyatia kumekwisha. Kwa hivyo kijaribu kwa huo mmea. Kwa kijiti chochote kipya, ningetafuta kinachotumia sumaku, kwa sababu vipande vya kupima mwendo havigusani, havilikani. Na kama gemu ni ya kuwahi, chukua padi ya waya. Picha inabadilika mara 50 au 60 kwa sekunde. Padi isiyo na waya ikichelewa hata kidogo, wewe ndiye unalaumiwa.

Mpaka hapo, mkusanyaji wa Tokyo au London angekubaliana nami. Tunaachana anaposema kwamba dawa ni padi ya asili tu, na mengine yote ni takataka. Asili ya nani, bana? Wengi wetu tuliokulia mitaa ya Nairobi hatukuijua Famicom kwa jina. Tuliijua kama gemu ya TV: nakala ya bei nafuu, katriji ya njano iliyojisifu kuwa na maelfu ya gemu ambazo nyingi zilijirudia, na padi nyepesi yenye A, B, na vitufe viwili vya turbo vilivyojipiga vyenyewe mradi umevishikilia. Contra tuliyoijua sisi ina risasi zisizochoka. Ni toleo jingine la kazi ile ile, limepunguzwa maumivu ya kidole.

Silitukuzi toleo hilo. Turbo inabadilisha Contra, inafanya mapigano yawe rahisi kuliko yalivyokusudiwa. Lakini uhakiki unaoliita takataka unafuta jinsi mtaa mzima ulivyojifunza kusoma gemu. Kazi ya mhakiki ni kutaja toleo. Ukiniambia umemaliza Contra, nitakuuliza: na turbo ama bila? Majibu yote mawili ni halali. Ila usiandike uhakiki wa moja ukidhani ni wa nyingine.

Kwa hivyo ukishuka Luthuli Avenue na hela kidogo, usiulize padi gani ndiyo kali. Uliza gemu unayoipenda iliundiwa mkono gani. Ya msalaba, nunua padi ya msalaba mzuri. Ya kijiti, kijaribu kinyatie. Na kama pesa inatosha padi moja ya kifahari au mbili za kawaida, chukua mbili. Combat, gemu iliyouzwa pamoja na Atari ya 1977, haichezeki na mtu mmoja. Famicom ilitoka kiwandani na padi mbili zimefungwa mwilini kwa waya, huwezi hata kuichomoa ya pili. Waundaji walishaamua kwamba utakuwa na mwenzako. Hiyo ya pili mpe yule msee anayekuchapa kila siku.