Majina ya Watoto wa Kamba

Tafsiri ya mwongozo wa ufugaji wa kamba iliyotufikia imeandikwa kwa Kiswahili fasaha, na mfasiri astahili pongezi. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo hatuwezi kuafikiana naye: kila hatua ya ukuaji, tangu kuanguliwa hadi kiumbe kufanana na mzazi wake, ameiita "buu".

Kosa hili si dogo. Mwaka 1942 Motosaku Fujinaga wa Japani alichapisha taarifa ya kumlea kamba aitwaye Penaeus japonicus tangu yai, na wanaowalea kamba wa jamii hiyo huwalisha kwa kufuata hatua zao. Wa kwanza, nauplio, mwenye hatua ndogo 6, hali kitu. Huishi kwa akiba ya kiini cha yai. Wa pili, zoea, mwenye hatua ndogo 3, huchuja mimea midogo mno ya majini, kama vile diatomu. Wa tatu, misisi, mwenye hatua 3 pia, huogelea kichwa kikielekea chini, na huweza kukamata wanyama wadogo, kama artemia waliotoka kuanguliwa. Basi mwongozo unaposema "mabuu wapewe diatomu", mfugaji amlishe yupi? Zoea asipopata chakula kwa wakati wake hufa, na chakula kisicholiwa huoza na kuchafua maji.

Lugha yetu haikosi desturi ya kupambanua. Mtoto wa nyuki ni jana, wa nzige ni tunutu, wa kipepeo ni kiwavi, wa mbu ni kiluwiluwi. Kwa nini watoto wa kamba warundikwe katika neno moja, tena linalokumbusha uozo?

Aidha, waliokwisha pita hatua hizo mfasiri amewaita "uduvi". Mvuvi wa pwani atamsahihisha: uduvi ni mdogo hata akiwa mzima, wala hakui akawa kamba mkubwa.

Kwa maoni yetu, "lava" litumike kwa ujumla. Nauplio, zoea na misisi yawe majina ya hatua. Na "kamba mchanga" limfae aliyekwisha kuzipita. Wako watakaochukia maneno ya kigeni. Twawaomba walete yaliyo bora, mradi yawe matatu, si moja.