Kuipima besi ndani ya bomba

Sauti ya hezi 1,000 ina wimbi la sentimita 34 hivi, na kipande cha sponji nene kinaimudu. Wimbi la hezi 50 linakaribia mita 7. Ndiyo maana trei za mayai zilizobandikwa ukutani mwa studio hupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, lakini besi huzipita kana kwamba hazipo.

Anayetaka kujua kitu kinafyonza besi kiasi gani hukitia ndani ya bomba la chuma lenye kuta nene. Spika hukaa upande mmoja, na upande wa pili hukaa kile kinachopimwa, tuseme sufi ya mawe, kikiegemea kizibo kigumu. Sauti huenda, hugonga, hurudi. Inayokwenda na inayorudi zikikutana, pengine huvuma, pengine hufifia. Mwaka 1866 Mjerumani August Kundt aliwafanya watu waione hali hiyo kwa macho: alitandaza unga laini ndani ya bomba la kioo, nao ukajipanga vichungu vichungu. Leo shinikizo la sauti panapovuma likiwa mara 3 ya lile la panapofifia, tunajua kwamba asilimia 75 ya nishati imefyonzwa.

Mafundi wengi sasa hutumia maikrofoni mbili ubavuni mwa bomba, na hapo ndipo ustadi wao unaponivutia zaidi. Wimbi la besi ni refu mno hata maikrofoni zote mbili husikia karibu kitu kilekile. Jibu lote limo katika tofauti ile ndogo, na maikrofoni zenyewe hazifanani kabisa. Basi fundi hupima, huzibadilisha mahali, hupima tena, kama muuza karafuu mwaminifu anayehamisha mzigo kutoka kitanga kimoja cha mizani hadi kingine. Kasoro ya chombo hujifuta yenyewe.

Kukata sampuli nako ni kazi. Ikibana, sufi hukakamaa na kutetemeka vingine. Ikilegea, sauti hupenya pembeni na kipimo hudanganya. Kisu kiwe kikali, ukingo wa sampuli upakwe grisi. Akishapima, fundi huitoa sampuli, huirudisha, hupima upya, na mistari miwili ya vipimo isipolala pamoja, huanza mwanzo.

Kisha lori hupita barabarani, na mngurumo wake ni besi tupu. Fundi huondoa mkono kwenye kitufe, akangoja hadi litokomee.