Legally Blonde: mwenye pointi zisizotosha si Elle, ni Warner

Wandugu, kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, kuna mutu atawaambia wadogo: "Hata kama pourcentage iko chini, droit mutaingia tu, muangalie Legally Blonde." Nimeiangalia tena hiyo filme ya 2001. Inachekesha, na Reese Witherspoon anaibeba vizuri. Lakini somo hilo halimo ndani.

Tuhesabu. Elle Woods anataka kusoma sheria Harvard. Wanamucheka juu ya nywele, nguo za rose na licence yake ya biashara ya mavazi. Lakini dossier yake iko namna gani? Moyenne yake ni 4.0, ya juu kabisa kule Marekani. LSAT, mutihani wa wanaotaka kusoma sheria, unahesabiwa kutoka 120 mpaka 180. Yeye anatoka na 179. Majaribio ya kwanza ni mabaya, halafu anaacha sherehe na kusoma. Filme inapitisha kazi hiyo mbio mbio na muziki, kisha inakaa kwenye video yake ya kujitambulisha, yuko na nguo za kuogelea, wazee wa kamati wanabaki kushangaa. Tunatoka tukikumbuka video. Ile 179 tunaisahau.

Tena kuna Warner, kijana wa familia kubwa, aliyemuacha Elle kwa kuwa hakumuona sérieux. Mbele kidogo, Vivian, muchumba wake, anamutobolea Elle siri: Warner aliwekwa kwenye liste ya kungojea, baba yake ndiye alipiga simu. Wanacheka, filme inaendelea. Mimi ningetaka isimame hapo. Mwenye dossier isiyotosha ni Warner, na kilichomuingiza si bidii wala moyo. Ni simu.

Simu hiyo tunaijua huku. Wakati nilisoma agronomie, niliona majina yameongezwa kwa kalamu chini ya liste iliyokwisha kubandikwa. Mutoto wa mwalimu wa Kalehe mwenye 54%, mukali katika Kifaransa na zaifu katika hesabu, hana baba wa kupiga simu. Pourcentage yake ni namba moja kwa masomo yote, haisemi alikuwa mukali wapi. Filme haina nafasi yake: ndani kuna mwenye pointi za juu anayedharauliwa kwa sura, na mwenye pointi za kupungua anayebebwa na jina.

Kwa hiyo, tuwaonyeshe Legally Blonde wadada wanaoambiwa kwamba droit si ya kwao. Hapo filme inasema kweli. Lakini mwenye 54% tusimudanganye nayo. Tumupe mutu wa kumusahihishia dissertation, na liste ambayo hakuna anayeiongeza kwa kalamu.