Ngazi ya Ati: Uhakiki wa Nyumba ya Walter Gropius

Waswahili husema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa msemo huo naihakiki nyumba ambayo Walter Gropius, mwanzilishi wa shule ya Bauhaus, aliisanifu mwaka 1938 huko Lincoln, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ili akae yeye, mkewe Ise na binti yao Ati. Sijafika huko, nimeisoma kwa ramani na picha zake.

Wengi wanaoisifu huishia mlangoni. Husifu paa bapa, madirisha mapana na matofali ya vioo. Sifa hizo ni za haki. Gropius aliihama Ujerumani mwaka 1934, akakaa Uingereza, kisha mwaka 1937 akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard. Mgeni huyu hakuibandika nyumba ya kwao juu ya ardhi ya watu. Alichukua mbao zilizopakwa rangi nyeupe, msingi wa mawe na bomba la moshi la matofali, vitu vya wenyeji wa New England, akavichanganya na chuma na vioo vya kiwandani.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, ubora wa nyumba hii umo katika ngazi moja tu: ngazi ya chuma ya mzunguko iliyosimama nje. Inasimuliwa kwamba Ati, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, aliomba chumba chenye sakafu ya mchanga, dari ya kioo ili aone nyota, na mlango wake mwenyewe. Mchanga na dari ya kioo hakupewa. Alipewa roshani ya kutazamia nyota, na ngazi hiyo ya kumfikisha huko kutoka nje, ili yeye na rafiki zake wasilazimike kupita sebuleni kwa wazazi.

Msanifu anayejijengea hana mteja wa kumpinga. Anaweza kuigeuza nyumba kuwa tangazo la kazi yake, na jamaa zake wakaishi ndani ya tangazo. Gropius alimfanya mtoto awe mteja wake, akamjibu kwa chuma. Ndiyo maana naiona ngazi hiyo kuwa sehemu ya kweli kuliko zote.

Lakini ramani hiyohiyo inaonyesha chumba kingine, kidogo, ghorofa ya chini karibu na jiko. Ni cha mfanyakazi wa nyumbani. Huku Kampala, shangazi yangu alilala miaka kadhaa katika chumba cha aina hiyo, kwa hiyo sikuweza kukipita haraka. Aliniambia kwamba shida yake haikuwa udogo wa chumba, bali kwamba kila aliyetaka maji ya kunywa usiku alipita mlangoni pake. Ombi la Ati tunalisimulia hadi leo. Ombi la aliyelala karibu na jiko la Gropius sijalikuta popote katika niliyoyasoma.

Simlaumu Gropius kuliko wenzake. Wengi wa zama zake hawakumpa mfanyakazi hata dirisha la maana. Namlaumu kwa kipimo alichokiweka yeye mwenyewe. Aliyejua kumsikiliza mtoto alikuwa na sikio la kumsikiliza kila aliyelala chini ya paa lile.