Pedo Ikirudi kutoka kwa Fundi

Pedo ya gitaa ikitoka kwa fundi, mara nyingi hulia. Unachomeka waya, unakanyaga, taa inawaka, gitaa la solo linakwaruza kama zamani. Unalipa, unashukuru, unakimbilia daladala. Mimi nasema kulia kwake pale mezani ni ushahidi dhaifu kuliko wote, na somo hilo nimelilipia kwa pesa ya kwaya.

Pedo ya kwaya yetu hapa Mtumba, Dodoma, ilikufa Jumamosi ya mazoezi. Adapta yake ilikuwa imepotea, kijana mmoja mwenye nia njema akaleta ya ruta ya intaneti. Kichwa kikaingia bila kulazimishwa, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Adapta ya ruta kwa kawaida ina chanya katikati na hasi pembeni, tena mara nyingi ni ya volti 12. Pedo nyingi za gitaa hutaka volti 9, na hasi iwe katikati. Umeme ukaingia kinyumenyume.

Ndani ya pedo iliyoundwa kwa akili, pale umeme unapoingilia, hukaa dayodi moja ndogo nyeusi yenye mstari wa kijivu upande mmoja. Haihusiki na sauti hata kidogo. Ni mlinzi wa geti: umeme ukija kinyume, hupitia kwake na kumuunguza kabla haujafika kwenye aisii, ile chipu ya sauti. Ya kwetu iliungua ikashikana pande zote mbili, hata betri mpya ikawa haiwashi kitu. Fundi wa kwanza, sitasema yuko wapi, aliitengeneza kwa dakika zisizofika kumi. Aliikata dayodi. Basi. Pedo ikalia kama siku ya kwanza, nasi tukamshukuru sana. Miezi miwili baadaye adapta ile ile ikachomekwa tena, na safari hii getini hapakuwa na mtu.

Tangu hapo sianzi na masikio. Naanza na bisibisi.

Ukienda kuchukua pedo, omba ifunguliwe mbele yako. Skrubu nne tu, haichukui hata dakika mbili. Fundi akinuna kwa ombi hilo, umeshajua jambo moja. Fundi mzuri hufurahi kupata mtu wa kumwonyesha, kwa sababu kazi yake huishia gizani chini ya kifuniko na hakuna anayeiona.

Tazama lehemu kwanza. Tone zuri hupanda mguu wa kipuri kama hema, pana chini na jembamba juu, likiwa limeshikana na shaba pande zote. Tone baya ni duara kama kinyesi cha mbuzi, limekaa juu ya bodi kama vile limedondokea tu hapo. Wazee wa redio walitufundisha kutazama mng'ao, na kwa lehemu ya zamani yenye risasi walikuwa sahihi. Siku hizi kuna lehemu isiyo na risasi, nayo hufifia kwa asili yake hata ikichomwa na bingwa. Kwa hiyo umbo litangulie, mng'ao ufuate. Kisha angalia kama njia za shaba zimebanduka kwenye bodi. Zikibanduka, chuma cha kulehemu kilikaa mno, mkono ulikuwa mzito. Na ukiona gundi ya moto imemwagwa juu ya kazi, uliza inafunika nini.

Halafu linganisha vipuri vipya na vya zamani. Hapa ndipo ninapowaheshimu mafundi wanaorudisha vilivyotolewa ndani ya kimfuko, hata kama vimeungua. Sivitaki kwa matumizi. Navitaka nisome maandishi yake. Kapasita ya 0.047 na ya 0.47 zinatofautishwa na sifuri moja tu, na mahali pengine kwenye sakiti ukiibadili moja kwa nyingine pedo bado italia. Ila besi itajaa, na solo litasikika kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Mpigaji atalaumu spika mwaka mzima. Aisii nayo: ile ya JRC4558 iliyojulikana kupitia pedo ya Tube Screamer ya Ibanez ina miguu minane, na zipo nyingine nyingi zenye miguu hiyo hiyo zinazoweza kukaa pale pale. Kuweka ya aina nyingine si kosa. Kosa ni kunyamaza. Na fundi akiwa ameilehemu soketi kwanza, ndipo akaipachika aisii juu yake, mwongezee pesa ya soda: amemfikiria fundi atakayekuja baada yake.

Jeki ya kuingizia gitaa inawashinda wengi. Katika pedo zinazotumia betri, jeki hiyo ina miguu mitatu kwa sababu ndiyo swichi ya umeme. Ukichomeka waya, betri inaungana, ukichomoa, inakatika. Fundi asiyejua hilo hubadilisha na kuweka ya miguu miwili, kisha hulazimika kuiunganisha betri moja kwa moja ili pedo iwake. Italia vizuri sana. Ila itakula betri usiku na mchana, nawe utadhani betri za dukani ni feki.

Kuhusu vumbi, sisi wa Mtumba tungeweza kuandika kitabu. Tangu Mji wa Serikali ulipozinduliwa Aprili 2019 malori ya kokoto hayajapumzika, na kiangazi cha Dodoma ni kirefu. Vumbi lile jekundu huingia kwenye vitufe vya kuzungusha, ukigusa volyumu inakwaruza kama mtu anayefagia changarawe. Kuna mafundi wanaopuliza humo mafuta ya kulegeza nati zenye kutu. Kitufe hunyamaza siku hiyo hiyo, kisha mafuta yale hulikamata vumbi na kuligeuza tope. Dawa yake ni spree ya kusafishia kontakti, ile inayokauka yenyewe, na kitufe kizungushwe mara ishirini au thelathini. Nusa ndani ya pedo. Ikinuka gereji, rudisha.

Sasa ndiyo masikio. Na hapa watu wa nyanda hizi tuna elimu ambayo hatuihesabu. Ilimba ya Wagogo, ala ya vyuma vilivyopangwa juu ya sanduku, ile ambayo mwanamuziki Hukwe Zawose aliizungusha duniani hadi alipofariki mwaka 2003, haiundwi iwe na sauti safi. Kwenye sanduku lake huachwa tundu, likafunikwa kwa utando wa buibui, ili kila chuma kikipigwa kiache nyuma yake mvumo kama wa nyuki. Huo ni mkwaruzo uliotakiwa. Mzee aliyekulia kwenye ilimba akisikia chuma kimelegea hatakwambia ni utando. Mvumo wa utando huja na noti, hukua nayo na kufa nayo, wakati chuma kilicholegea hubwata kinapotaka chenyewe.

Pedo ipimwe hivyo hivyo. Piga waya mnene, noti moja, kisha usiguse kitu. Isikilize mpaka ife. Mkwaruzo wa kweli hupungua taratibu, hubaki kama uzi, hupotea. Noti ikikatika ghafla mwishoni, ikatapatapa kama redio iliyoishiwa betri, huenda kuna transista isiyopata volti zake sawasawa. Zipo pedo za fazi zinazoundwa makusudi zitapetape hivyo, na wengine tunazipenda. Lakini kama yako haikuwa hivyo kabla haijafa, usikubali kuambiwa ndivyo zilivyo.

Wakati noti inalia, gongagonga bodi kwa kitako cha kalamu ya plastiki. Lehemu isiyoshika itajitaja yenyewe. Kanyaga swichi mara ishirini mfululizo, sikiliza kama kuna mlio wa "pa!" usiokuwepo. Zima pedo na ulinganishe na gitaa likienda moja kwa moja kwenye amplifaya. Ukisikia mngurumo mzito, ondoa adapta na uweke betri kabla hujafungua mdomo: mngurumo ukiondoka, kosa ni la adapta na fundi hana hatia. Haya yote fanya kwa gitaa lako na waya wako, maana waya mbovu umewaharibia jina mafundi wengi wazuri.

Fundi wetu wa pili ni kijana anayefanyia kazi chini ya kibanda njiani kuelekea Ihumwa, anatengeneza redio na subwufa. Pedo hakuwahi kuishika. Nilimkuta ameitandaza mezani, ananiuliza kabla sijakaa:

"Shikamoo mzee. Hii pedo iliwashwa na nini?"

"Marahaba. Na adapta."

"Ipi?"

Nikakosa jibu. Akakataa kuilehemu mpaka nimletee. Nikapanda bodaboda kurudi kanisani, nikaileta. Akaweka mita, akasoma alama, akacheka. Akabadilisha aisii, akarudisha dayodi mahali pake, kipuri kisichofika bei ya soda, kisha akaandika kwa kalamu ya rangi juu ya adapta ile: SI YA GITAA.

Kwa hiyo ukimpelekea fundi pedo, mpelekee na adapta yake.